Rafiki kwa Mtumiaji

Kiswahili cha teknolojia kimetuletea misemo mingi, lakini hakuna unaonishangaza kama huu: programu iwe "rafiki kwa mtumiaji". Wanaousema hawamaanishi makubwa. Wanataka vitufe vionekane, maandishi yasomeke, mtu asipotee katikati ya menyu. Basi. Ila Mswahili akishatamka rafiki, ametamka jambo zito. Rafiki anaruhusiwa kukukatalia. Anaruhusiwa kukuuliza jana ulilala wapi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, walisema wazee, na kwa vitufe hawakutaja neno.

Nimelifikiria hilo sana tangu vijana wawili wa hapa Kaloleni waanze kuchora programu ya simu ya wapanda milima. Ofisi yao ni chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme, mwendo mfupi kutoka Makumbusho ya Azimio la Arusha. Ukutani wamebandika karatasi zenye michoro ya kioo cha simu, na karatasi ya katikati ina maneno mawili kwa wino mwekundu: IWE RAHISI. Asubuhi ikiwa haina mawingu, ukisimama ngazini unauona Mlima Meru wote, mpaka kwenye mwamba wa kilele ambao watu wa mlima wanauita Socialist Peak, kama mita 4,566 juu ya usawa wa bahari. Yaani kwa mlima huo, kwa karatasi hiyo, swali linakuja lenyewe. Rahisi kwa nani? Na rahisi mpaka wapi?

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kinachoitwa kwa jina la Nicomachus, aliugawa urafiki mara tatu. Kuna urafiki wa faida: unanifaa, nakufaa, faida ikiisha tunaachana bila kelele. Kuna urafiki wa raha, wa watu wanaochekeshana. Na kuna urafiki wa tatu, adimu, ambao mtu anamtakia mwenzake mema kwa ajili ya huyo mwenzake. Programu nyingi za simu zinajitangaza kuwa rafiki wa aina ya kwanza, zinaishi kwa mbinu za aina ya pili, na zinataka tuziamini kama aina ya tatu. Hapo ndipo mgogoro ulipo.

Kuna atakayesema: wewe nawe, simu ni chombo, usikitafutie utu. Panga haliwi rafiki. Sawa, lakini panga halisemi neno. Programu inakuambia "kata kushoto", inakuambia "umebakiza saa mbili", inakuambia "hongera". Nyuma ya kila sentensi hiyo kuna mtu aliyekaa kwenye kiti akaamua iandikwe hivyo na si vinginevyo. Kwa hiyo tukiuliza kama programu ni rafiki, tunauliza kama wale wawili wa juu ya duka ni marafiki wa mtu ambaye hawatamwona kamwe, atakayekuwa gizani kwenye mita 4,000, vidole vimekufa ganzi, akiwauliza njia.

Nianze na haki yao, maana ni rahisi kuukejeli urahisi ukiwa umekaa kitini na chai. Huko juu urahisi si anasa. Betri ya simu hupungua nguvu kwenye baridi kali. Simu iliyosoma asilimia 40 kibandani inaweza kuzima njiani, na kama ramani inakula chaji kwa michoro ya kupendeza, urembo huo ni kosa la kimaadili kabisa. Kitufe kidogo hakibonyezeki kwa mkono uliovaa glovu. Maandishi ya kijivu kwenye kioo cheupe, ambayo wabunifu wanayapenda sijui kwa nini, hayasomeki juani. Tena watu wengi hawajui kwamba GPS haihitaji intaneti. Simu inapokea tu ishara za setilaiti, zikipatikana nne inajua ilipo, hata bila bando wala mnara. Kinachohitaji mtandao ni picha ya ramani, na hiyo unaweza kuipakua mapema ukiwa mjini. Mtu asiyeambiwa hivyo anaona alama ya mtandao imepotea, anadhani na yeye kapotea, anaanza kuzungukazunguka. Sentensi moja ya Kiswahili chepesi mwanzoni ingemtoa kwenye hofu hiyo.

Nimesema Kiswahili kwa makusudi. Zipo programu nzuri za kigeni za njia za milima, na nyingi zinategemea OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo watu wa kawaida wamekuwa wakiijaza tangu mwaka 2004. Lakini nyingi zinamdhania mtumiaji kuwa mgeni mwenye simu ya bei mbaya. Mpagazi mwenye simu ya Tecno iliyojaa picha za familia, asiye na nafasi ya kupakua kitu kizito, hayumo kwenye fikra zao. Na sisi tunajua urahisi wa kweli unavyofanana, kwa sababu tumeshauona. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, haikudai simu ya kisasa wala intaneti. Menyu ya maandishi matupu, chagua 1, chagua 2, weka namba ya siri. Bibi yangu aliimudu. Ule ulikuwa urahisi uliomfuata mtu alipo. Kwa maana hiyo karatasi ya wino mwekundu naiunga mkono mia kwa mia.

Ugumu unaanzia mahali pengine, kwenye neno ambalo kila aliyewahi kupanda mlima huku kwetu analijua: "bado kidogo".

Unamuuliza mwongozaji, kaka, tumebakiza kiasi gani? Anajibu, bado kidogo. Nusu saa baadaye unauliza tena, anajibu vilevile, na sauti haijabadilika. Huo ni uongo? Ukipima kwa kilomita, ni uongo mtupu. Lakini mwongozaji hakujibu swali la kilomita. Amekuangalia unavyopumua, ameona unavyoweka mguu, amejua kwamba ukiambiwa saa tatu utakaa chini na ukikaa chini utapoa. Jibu lake ni la kwako wewe, leo, kwenye jiwe hilo. Kesho kwa mtu mwingine pale pale atasema, dada, hapa tunarudi.

Programu haisemi bado kidogo. Inasema kilomita 1.4, na kilomita ni 1.4 kweli. Tunaona ni mkweli kuliko mwongozaji. Ila fuatilia namba zake nyingine, hasa zile za muda. Nyingi za hesabu hizo zina asili ya kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Scotland, aliyoiandika mwaka 1892: saa moja kwa kila maili tatu, ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa vipimo vyetu ni takriban kilomita 5 kwa saa, na saa moja zaidi kwa kila mita 600. Kanuni nzuri, kwa milima ya kwao. Mrefu kuliko yote ni Ben Nevis, mita 1,345, yaani kilele chake kiko chini ya lango letu la Momella, mahali ambapo safari ya Meru inaanza! Sasa ichukue kanuni hiyo uipeleke Saddle Hut, mita kama 3,570, saa saba usiku. Mbele yako kuna karibu mita 1,000 za kupanda na njia ya kama kilomita 5. Kanuni inasema saa mbili na dakika 40. Watu huenda saa nne, tano, hata zaidi, kwa sababu juu kule hewa ni nyembamba na pumzi moja inakupa oksijeni chini ya asilimia 60 ya ile unayoipata ukiwa Tanga ufukweni. Bwana Naismith hakuyaweka hayo kwenye hesabu, wala hakuwa na sababu ya kuyaweka.

Kwa hiyo nani kadanganya? Mwongozaji alisema jambo lisilo kweli kwa mtu anayemjua. Programu imesema jambo lililo kweli Scotland kwa mtu isiyemjua, tena kwa namna ya uhakika, dakika kwa dakika. Mimi namwogopa zaidi huyu wa pili. "Bado kidogo" kila mtu anajua ni ya kutia moyo, inatamkwa na tabasamu ambalo ni sehemu ya maana yake. Namba kwenye kioo haina tabasamu. Uadilifu mdogo kabisa tunaoweza kuudai ni kwamba pale isipojua, iseme kwa upana: kati ya saa nne na sita, inategemea na wewe. Wabunifu hawapendi jibu kama hilo, linaonekana la kubabaika. Lakini rafiki anayejua mipaka ya anachokijua si mbabaishaji.

Hatari ya mstari uliochorwa kwa uhakika imeshaonekana kwa wenzetu, tena kwenye Ben Nevis huohuo. Mwaka 2021 mashirika mawili ya huko, John Muir Trust na Mountaineering Scotland, yalionya kwamba ramani za Google zilikuwa zinawaelekeza watu wanaotaka kupanda kwenye maegesho yaliyo karibu zaidi na kilele kwa mstari ulionyooka, kisha nukunuku zinaendelea mpaka juu, kupita sehemu ya miamba mikali ambayo hata mzoefu angehangaika nayo. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mashine iliulizwa ni wapi karibu, ikajibu ni wapi karibu. Mtoto yeyote wa Ilkiding'a au Ng'iresi anajua kwamba mlimani karibu na rahisi ni mitaa miwili tofauti.

Sasa njoo kwenye jambo linalonigusa zaidi. Kwenye simu kuna kitufe kinaitwa Rudi. Ni kimshale kidogo, pembeni, hakuna anayekifikiria. Mlimani neno hilohilo ni zito kuliko begi. Mtu amelipa kiingilio cha hifadhi, amelipa vibanda, ameomba ruhusa kazini, ameshawatangazia watu kwenye status. Kichwa kinamgonga, anatapika, anapepesuka. Kila mwongozaji wa mlima anajua dalili hizo na dawa yake, dawa ya kwanza ni kushuka. Lakini mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kukubali, maana ugonjwa wa mwinuko unaigusa akili ileile inayotakiwa kuamua.

Programu ya kawaida, iliyojengwa ili ipendwe, inafanya nini wakati huo? Inakuonyesha mstari umejaa asilimia 83. Inakuahidi beji ya kilele. Imejifunza kutoka kwenye michezo ya simu kwamba mtu haachi kitu kilichobakiza asilimia 17. Huyo ndiye rafiki wa raha, yule wa baa, anayekuagizia nyingine wakati wote mezani wanaona umeshatosheka.

Homer anatusimulia habari za Odysseus aliyetaka kuwasikia ving'ora wa baharini bila kufa. Aliwaamuru wenzake wamfunge kwenye mlingoti, na akawaambia mapema: nikiwabembeleza mnifungue, kazeni zaidi. Wanafalsafa wa siku hizi wanaipenda sana hadithi hiyo kwa sababu inauliza: Odysseus yupi tumtii, aliyetoa amri akiwa mtulivu au anayelia kamba zifunguliwe? Programu ya mlima ingeweza kuifanya kazi ya wale mabaharia. Jioni pale Saddle, umekunywa supu, akili yako bado ni yako, ikuulize: kesho ikifika saa ngapi bila kufika kileleni utageuka? Andika. Kisha usiku ikifika saa hiyo, kioo chote kigeuke na kukuonyesha maneno yako mwenyewe. Isikuamrishe. Ikukumbushe ulichojiambia.

Mmoja wa wale vijana, nilipomweleza hivyo, alinijibu: "Mzee, mtumiaji ataiona inamsumbua, ataifuta." Mzee! Nina miaka arobaini na tatu. Lakini hoja yake ni ya haki na haijibiwi kwa haraka. Kumheshimu mtu ni pamoja na kumwacha aamue, hata vibaya. Mtu mzima akitaka kujiumiza na mlima, mimi na kisimu changu ni nani? Jibu langu ni kwamba juu ya Meru hakuna anayejiumiza peke yake. Ukianguka pale, kuna watakaokubeba kwenye machela usiku, kwenye kokoto za majivu ya volkano, na hao ni watu wa hapa wenye magoti yao na watoto wao. Uhuru wa mtu mmoja huko juu unabebwa mabegani na watu sita. Sioni ubaya programu ikimsumbua mmoja kidogo kwa niaba ya hao sita.

Na hapo tumefika kwa mtu wa tatu, ambaye msemo "rafiki kwa mtumiaji" umemsahau kabisa. Aristotle naye, nikiri, hakumshughulikia sana. Rafiki yangu anaweza akawa mwema kwangu na balaa kwa jirani.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha mambo yamepangwa. Unapita Momella, unaandikishwa, unapewa askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu nyati na tembo wa pale si wa picha tu. Programu haiwezi kumfukuza afande, na ni vizuri. Shida iko upande huu wa kusini, kwenye migomba na kahawa, kwenye njia za kwenda maporomokoni na misituni, ambako vijijini kama Ng'iresi watu huwatembeza wageni kwa utaratibu wao na hela kidogo inabaki kijijini. Njia hizo si njia za programu. Hii ni ya akina mama wanaokata majani ya ng'ombe. Ile inapita nyuma ya choo cha mtu. Nyingine inaruhusiwa kiangazi tu, mvua zikinyesha mwenye shamba hataki mtu akanyage. Mgeni mmoja akiirekodi kwenye simu na kuiweka hewani, kesho ni "njia", ina nyota nne na nusu. Mwaka 2018 dunia ilishtuka pale ramani ya programu ya mazoezi iitwayo Strava, iliyokusanya mizunguko ya wakimbiaji, ilipogundulika inaonyesha wazi kambi za kijeshi za siri, kwa sababu wanajeshi walikimbia wakiwa wamevaa saa zao. Majeshi makubwa yalilalamika na kusikilizwa. Mama wa Ng'iresi atalalamika wapi?

Watu wa mlima huu wana kumbukumbu na ramani. Mwaka 1947 tume ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza ardhi kati ya Meru na Kilimanjaro ipangwe upya, ili mashamba ya walowezi yawe eneo moja lisilokatikatika. Kwenye karatasi palikuwa nadhifu, na kwa mtawala palikuwa rahisi kusimamia. Mwaka 1951 maelfu ya Wameru wa Engare Nanyuki wakahamishwa kwa nguvu, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuwasilisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Sisemi vijana wa juu ya duka ni Jaji Wilson, ingekuwa dhuluma. Nasema tu kwamba ramani rahisi huwa rahisi kwa aliyeishika, na mlima huu ulishawahi kulipa gharama ya unadhifu wa mtu mwingine.

Inawezekana kufanya tofauti. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa yenyewe kuchora mifereji na maeneo yanayofurika. Aliyejua maji yanapita wapi ndiye aliyechora. Ukilihamishia wazo hilo mlimani linaleta maswali ya hela papo hapo. Mwongozaji wa miaka ishirini, anayejua chemchemi ipi hukauka Septemba, akiwapa vijana ujuzi huo, analipwa nini? Tukishauweka kwenye simu kwa shilingi sifuri, nani atamwajiri? Vijana wanasema wataweka namba za waongozaji wa kila kijiji ndani ya programu, mtu apige. Ni mwanzo. Ila namba ikikaa ukurasa wa tano na ramani ya bure ukurasa wa kwanza, najua mtu atabonyeza wapi, na wao pia wanajua.

Mara ya mwisho nilipopanda zile ngazi walikuwa wanabishana. Mmoja amechora toleo ambalo mstari wa njia unaishia pale shamba la kwanza la mtu linapoanza. Mbele yake ramani ni nyeupe, na juu ya weupe huo kuna neno moja: Uliza. Ukiligusa, linakupa salamu ya Kimeru na ya Kimaasai, namba ya ofisi ya kijiji, na maelezo kwamba ukikuta mtu shambani umsalimie kwanza kabla ya kutaja njia. Mwenzake anasema watumiaji watadhani ramani imeharibika na kushusha nyota. Wa kwanza anasema waache washushe. Wakanigeukia mimi, mzee, niamue, nikawaambia weupe ubaki, ila neno waliandike kwa herufi kubwa zaidi, maana nilivyoliona juani pale ngazini halikusomeka.